Maboksi ya Idi Yametoka, Mama

Mpendwa Mama,

Maboksi yametoka. Nimeona nianze na hilo hata kabla ya salamu, maana nakujua, swali lako la kwanza lingekuwa hilo na salamu zingefuata baadaye. Basi shikamoo, Mama mkwe wangu. Yametoka yote, rangi ile ile ya zambarau, visheti vile vile vya asali, na yamebebwa na mikono hii ambayo binti yako Mwajuma alisema ipumzike. Haikupumzika. Mungu akinipa uhai haitapumzika mwakani wala mwaka utakaofuata.

Naandika nikiwa barazani kwako hapa Ngokolo, kwenye kile kiti chako ambacho mguu mmoja umefungwa waya. Mwanao Idrisa, mume wangu, ameshaondoka, amerudi machimboni kwenye duara lake, lile shimo lake la dhahabu, na nyumba imetulia. Najua wapo watakaosema kumwandikia marehemu ni kujichosha bure. Waseme. Barua hii sitaifunga, naiacha wazi aisome anayetaka, na wifi yangu akiisoma nitafurahi zaidi, maana mengine nimeshindwa kumwambia usoni bila kupandisha sauti.

Unakumbuka nilivyoingia nyumba hii? Binti wa Kisumbwa kutoka Ushirombo, rozari shingoni, Kiswahili changu kimejaa matuta. Mwanao alikuwa akipita kwetu kwenda machimboni, akanunua asali kwa baba yangu. Akarudi kununua nyingine na ile ya kwanza hata nusu haijafika. Baba akasema, "Huyu kijana hali asali hiyo, anaihamisha tu." Tukaoana bomani, kila mmoja akabaki na dini yake, na ndugu wa pande zote mbili wakanuna kwa usawa. Kwetu walisema nimepotea. Huku wakasema Idrisa kaleta kafiri. Wewe siku ile uliwatazama wote, ukafunga khanga vizuri, ukasema, "Dini yake ni yake na Mungu wake. Mimi nataka kujua kama anaweza kuamka asubuhi."

Niliamka asubuhi, Mama. Miaka yote ile hukuwahi kunikuta kitandani.

Ramadhani yangu ya kwanza hapa ilipoingia kumi la mwisho, ukaniambia nivae viatu twende sokoni kuchagua maboksi. Nilidhani nakwenda kubeba. Tulipofika kwenye lile duka la vitu vitamu, lenye sinia za halua na labania zimefunikwa nailoni, ukaniangalia ukasema, "Leo wewe ndiye ulimi wangu." Sikuelewa. Ukanieleza pale pale, mbele ya mwenye duka, kwamba maboksi huchaguliwa mchana kwa sababu jioni watu wote wako jikoni, na mchana nyumba yako nzima imefunga isipokuwa mtu mmoja. Rafiki zako walikuwa wakikwambia mpishi anaruhusiwa kuonja kwa ncha ya ulimi kisha akatema. Ulikataa katakata. "Halua nikiionja nitaimeza," ulisema. "Najijua."

Nikaonja kila nilichopewa na kila mara nikasema ni tamu. Ulikasirika! Ulisema hukunitoa Ngokolo nije kusema sukari ni tamu, hilo hata kuku analijua. Ulitaka nikwambie ni ya lini. Ndipo ukanifundisha kwamba halua iliyokaa inakwaruza chini ya ulimi kama ina mchanga, kwamba labania nzuri inayeyuka kabla hujaitafuna, na kwamba tende ikimeta sana uiogope, huenda imepakwa mafuta. Mambo hayo ulikuwa huwezi kuyathibitisha kwa kinywa chako mchana ule. Ulibaki unatazama uso wangu nikitafuna, na ukawa unanisoma. Hakuna mtu aliyewahi kunitazama usoni kwa makini namna ile, hata mwanao.

Kisha ikaja habari ya rangi. Mwenye duka akatoa maboksi matupu ya kila aina, na wewe ukashika la zambarau. Nami, kwa ujinga wangu wa bibi harusi, nikasema kwa sauti kila mtu asikie: "Hapana, Mama, zambarau si rangi ya sikukuu. Ni rangi ya mfungo. Kwetu padri akivaa zambarau watu wanajua ni Kwaresima, ni wakati wa toba." Nilikuwa nakuokoa na aibu. Niliona kabisa majirani wakifungua boksi na kudhani tumewatumia msiba. Ukanisikiliza mpaka mwisho, halafu ukasema, "Kwani sisi hii Idi tunaingia nayo kutoka wapi? Si kutoka kwenye mfungo?" Ukachukua zambarau zote alizokuwa nazo. Tangu siku hiyo mtaa mzima unajua boksi la zambarau ni la kwa Mama Idrisa, na mimi tangu siku hiyo nikiwa kanisani nikiona zambarau altareni nasikia harufu ya iliki. Sijawahi kuliungama hilo, wala sioni kosa lake.

Visheti vya asali vilikuwa wazo langu, na napenda kulisema leo kwa kuwa kuna watu wanadhani vilishuka kutoka Tabora kwa mababu zenu. Baba alileta dumu la asali mpya, nami nikauliza kwa nini tuvichovye kwenye shira ya sukari na asali ipo. Ulisema asali itateleza. Tuliijaribu, ikateleza kweli, ikaganda kwenye maboksi na sisimizi wakasherehekea Idi kabla ya watu. Mwaka uliofuata tukaichemsha na sukari kidogo mpaka ikashika. Mama, ulipofuturu jioni ile ulivila visheti kabla ya uji, ukasema, "Mwambie baba yako nyuki wake ni Waislamu." Nikamwambia. Alicheka mpaka akakaa chini, na tangu hapo kila ulipokwenda Ushirombo alikuchinjia kuku, tena akamwita Mwislamu wa jirani aje kuchinja ili ule kwa amani.

Na kuyapeleka je? Hilo nalo ulilipanga kwa akili yako ngumu na ya kufaa. Asubuhi ya Idi ninyi nyote mnakwenda uwanjani kuswali, mtu mmoja anabaki nyumbani. Basi mtu huyo ndiye atakayezunguka na maboksi, ili mkirudi mkute kazi imekwisha na watu wameanza kuja kushukuru. Ulinipa na utaratibu wake, kwamba boksi la kwanza haliendi kwa anayesherehekea. Nilishangaa, nikauliza kwa nini. "Anayesherehekea ana vyake jikoni," ulisema. "Asiyesherehekea ananusa tu pilau la wenzake." Kwa hiyo nilianza kwa Mzee Masanja wa nyumba ya pili, asiyekwenda kanisani wala msikitini, nikafuata kwa Walutheri wa kona, kisha kwa yule mwalimu Mkatoliki, ndipo nikageukia nyumba za Waislamu. Nimeipita njia hiyo hadi mbwa wa mtaa wananijua kwa nguo ya sikukuu.

Mwaka ambao Ramadhani na Kwaresima zilikutana nadhani hata wewe huko bado unaucheka. Nilikuwa nimeweka nadhiri kutogusa sukari mpaka Pasaka, kwa ajili ya mjukuu wako Zuhura aliyekuwa akiumwa kifua. Tumefika dukani, mwenye duka ananipa kipande cha halua, narudisha mkono nyuma. Ukanitazama. "Nimefunga, Mama." Ukauliza, "Na wewe?" Tukasimama pale wanawake wawili na masinia ya vitu vitamu mbele yetu, hatuna hata ulimi mmoja. Ndipo ulipotuma pikipiki imlete Mzee Masanja.

Alikuja amevaa kofia yake ya kuchungia ng'ombe. Ukamuuliza kama ana mfungo wowote. Akasema, "Mimi mfungo wangu ni kiangazi tu, mayu," yaani mama kwa Kisukuma chake. Akaanza kuonja. Akaonja halua ya kwanza akasema hajapata uhakika. Akaonja ya pili akasema ile ya kwanza sasa ameisahau, apewe tena. Akazunguka masinia yote mara mbili, akitafuna polepole macho yakiwa juu, mpaka mwenye duka akavuta nailoni akafunika bidhaa zake. Hapo Mzee Masanja akanyoosha kidole bila kusita: "Ile ya mwanzo." Uliegemea nguzo ya duka ukicheka bila sauti, mkono tumboni, machozi yanatoka, na njaa yote ya kutwa ikakutoka. Nami nilikupenda sana siku ile, Mama, ingawa sikukwambia.

Kisha Idi kubwa ikapita, presha ikakulaza, na hukuinuka tena. Nilikuogesha, nikakulisha, nikakugeuza. Ulipokata roho, wanawake wa msikitini walikuja kukuosha, na Mwajuma aliyekuwa amefika kutoka Geita akanisogeza pembeni kwa adabu, akasema, "Hapa hapana, wifi." Sikubisha. Hiyo ni sheria ya dini yenu, na wewe ulikuwa umeniambia zamani kwamba itakuwa hivyo. Nilichota maji nikawaletea hadi mlangoni, ndoo baada ya ndoo, na nilitosheka na mlango.

Lakini maboksi si kuosha maiti. Hapo ndipo mimi na binti yako tunapoachana njia.

Mwajuma alikuja Ramadhani hii mapema, mwezi ukiwa katikati. Alishuka na gari la mumewe, huyo mnunuzi wa dhahabu, limejaa maboksi tayari, ya rangi ya dhahabu, yamefungwa utepe, yamejazwa chokoleti za kigeni na karanga za kopo. Mazuri, sikatai. Yanameta hata gizani. Akayapanga sebuleni kwako mpaka mlango wa chumba chako ukazibika. Jioni baada ya futari, mbele ya Idrisa na mama wadogo wawili kutoka Kahama, akasema, kwa sauti ya upole ambayo ilinichoma kuliko matusi: "Wifi, mwaka huu pumzika. Umehangaika miaka mingi. Boksi la Idi ni vizuri lichaguliwe na aliyefunga Ramadhani. Mama alikuwa akikuvumilia tu."

Akikuvumilia tu.

Nikamwambia, "Na mimi nimefunga, wifi. Kwaresima na Ramadhani zimekutana tena mwaka huu. Wewe utafungua Idi ikifika, mimi naendelea mpaka Pasaka."

"Haihesabiki," akasema mmoja wa mama wadogo.

"Haihesabiki kwa nani?"

Nilimtazama Idrisa. Unamjua mwanao, Mama, kwenye duara anaweza kushuka futi ambazo wenzake wanaogopa hata kuchungulia, lakini ukimweka kati ya dada yake na mkewe anakuwa mtu wa kuchunguza kucha zake. Akasema, "Mama Zuhura, mwache dada mwaka huu. Amefiwa."

"Na mimi sikufiwa?"

Nikatoa vyombo, nikaviosha, nikalala.

Nataka kuwa mkweli kwako kwa kuwa wewe hukupenda unafiki. Nilikukasirikia usiku ule kuliko nilivyomkasirikia Mwajuma. Miaka yote uliniita ulimi wako sokoni, mbele ya wenye maduka. Mbele ya binti yako hukuwahi kuniita hivyo. Mwajuma alipokuwa akija Idi alikuta maboksi yametoka, anadhani umechagua wewe, na wewe ulimwacha adhani. Labda ulitaka kumstahi, maana aliolewa mbali na moyo wake ulibaki hapa. Labda uliona hakuna haja ya maneno. Ilikuwepo, Mama. Neno lako moja lingetosha kuwa ngao yangu, na hukuniachia. Basi nimelazimika kulisema mwenyewe.

Asubuhi nikavaa nikaenda kwa Mzee Masanja. Nikamwambia nina mfungo na nahitaji kinywa. Alikuwa akijenga zizi, akaacha nyundo pale pale. Tulipofika sokoni mwenye duka alipomwona akafunga macho kama mtu anayesali, kisha akafunua masinia. Lakini safari hii mzee hakucheza. Alionja kila kitu mara moja tu, taratibu, na kwa halua ya tatu akasema, "Hii inakwaruza." Nikaiacha. Nikachagua nyingine, nikachukua tende zisizometa, nikanunua zambarau. Nyumbani nikachemsha asali ya baba, nikavichovya visheti mbele ya Mwajuma mchana kweupe, na yeye akipita jikoni kila mara kana kwamba anatafuta kitu. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Mimi mwaka huu nimewakatalia wahenga.

Siku ya Idi wakaoga, wakanukia udi, wakaenda uwanjani. Maboksi ya dhahabu yalikuwa mezani, kila moja na kadi ya jina: shehe, diwani, wateja wa mume, mabinamu wa mjini. Sikugusa hata utepe wake. Nayapitia majina yale, Mzee Masanja hayumo, Walutheri hawamo, mwalimu hayumo. Basi hatugombei kitu kimoja, nikajisemea, nikatoa yangu uvunguni nikaingia njiani. Nilifika kwa Mzee Masanja na midomo imekauka. Akapokea kwa mikono miwili, akainama, akasema, "Wabeja, mayu," akishukuru kwa Kisukuma. Mayu ni jina alilokuwa akikuita wewe, Mama. Mimi siku zote alikuwa akiniita mkwe wa Mama Idrisa. Nilitembea nyumba zilizobaki nimenyooka.

Walirudi kutoka kuswali nikiwa nafagia uwanja. Mwalimu na watoto wake walikuwa wameshafika kutoa mkono wa Idi, midomo imeng'aa asali, na wakitoka wakamkuta Mwajuma getini wakamshukuru kwa boksi. Hakuwa amemwandikia mwalimu boksi. Alielewa papo hapo. Aliwasubiri wapite, akanijia.

"Nani alikutuma?"

"Mama."

"Mama amekufa!" Alipiga kelele hiyo, Mama, na sauti ikamkatika katikati.

"Mama amekufa," nikamwambia, "mimi sijafa."

Idrisa akaja akasimama kati yetu. Nilijua atasema nimwache dada. Badala yake akasema, huku anatazama chini lakini akisikika vizuri, "Dada, hii kazi ni yake. Nimekuwa nikirudi kutoka kuswali nakuta imefanyika tangu nimuoe. Mama hakuwa akichagua peke yake. Hakuweza hata kuonja." Hayo tu. Kwa Idrisa hiyo ni hotuba. Mwajuma alimwangalia kaka yake, akaniangalia mimi, akaingia chumbani kwako akajifungia, na tukamsikia akilia mpaka pilau likapoa.

Nilimhurumia. Ni binti yako, na alikuwa akikulilia kwa njia aliyoiweza, kwa chokoleti na utepe. Angetaka kuja sokoni nami ningempisha nafasi kando yangu kwa moyo mmoja. Nafasi yangu yote simpi. Kuhurumia ni kitu kimoja na kupisha ni kingine, na sisi wanawake tumezoezwa kuvichanganya hivyo viwili mpaka tunajikuta tumesimama nje ya nyumba tulizozifagia.

Kwa hiyo, Mama, naomba nikwambie nilipofika, na anayeisoma barua hii naye asikie. Sitasilimu kwa ajili ya boksi. Uliniheshimu kiasi cha kutoniomba hilo, na wewe ndiye uliyekuwa na haki ya kuomba kuliko wote. Wala boksi sitaliacha kwa sababu sikusilimu. Jumapili nitakwenda kwenye misa, na kumi la mwisho nitakwenda sokoni, na nikikuta mifungo imegongana nitamwita Mzee Masanja, na akifa Mzee Masanja nitatafuta mwingine asiye na mfungo, Shinyanga hawakosekani. Wakitaka kuniita kafiri mwenye halua, waniite huku wanakula. Mimi ni mtu wa nyumba hii. Sikupewa hilo kwa kuvumiliwa, nimelifanyia kazi kwa mdomo wangu, kwa miguu yangu na kwa asali ya kwetu.

Imebaki habari moja.

Mwajuma aliondoka Idi pili. Boksi lake nilikuwa nimeliweka juu ya begi lake, la zambarau kama ya wengine, na yeye akalitoa akalirudisha mezani, bila hasira, kama mtu anayerudisha kitu cha watu. Gari likaenda. Kesho yake nikalichukua nikaenda stendi. Wewe ulikuwa ukimtumia kila mwaka kwa basi la Geita anapokosa kuja, na juu yake unaniambia niandike "Kutoka kwa Mama". Mwandiko ulikuwa wangu, maneno yako. Safari hii karani wa mizigo akaniuliza linakwenda wapi. Kalangalala, Geita, nikamwambia, kwa Mwajuma, Mama Sudi. Akauliza, "Na linatoka kwa nani?"

Niliishika ile kalamu muda mrefu, Mama, hadi watu wa nyuma wakaanza kuguna. Ningeweza kuandika jina lako. Angelipokea bila swali, na sisi wote tungeendelea kujifanya. Nikaandika, kwa herufi kubwa: KUTOKA KWA VERONIKA, NGOKOLO.

Alasiri simu ikaita, namba ya ofisi ya mizigo ya Geita.

"Mama, ule mzigo wako umefika. Mwenyewe amekuja."

"Ameupokea?"

"Amesoma hapo juu, akasema yeye hamjui mtu anayeitwa Veronika."

"Kwa hiyo unaurudisha?"

"Aah, haurudi huo, mama. Kaufungulia hapa hapa juu ya meza yangu. Anakula."

Pumzika sasa, Mama. Mungu wako na wangu wakuangalie kwa zamu, na kama ni mmoja, basi akuangalie bila kuchoka.

Ni mimi, mkweo na ulimi wako,
Veronika